Nani Asiyechekwa? Kejeli, Mshiko na Filamu Fupi ya Mwanafunzi

Katika darasa la uhakiki tumezoea kuigawa kazi ya fasihi vipande viwili, fani na maudhui, kisha tukaulizana mwandishi amefaulu wapi na amepwaya wapi. Mgawanyo huo umetupasisha mitihani mingi na sina nia ya kuubeza. Lakini ukiuhamishia kwenye filamu, hususan filamu fupi ya kejeli inayotengenezwa na wanafunzi wenye mifuko iliyotoboka, utaona kuna kitu kimekaa nje ya fani na nje ya maudhui na bado kinaviamuru vyote viwili. Kitu hicho ni mshiko. Nani katoa fedha, katoa ngapi, na alipokuwa anazitoa alisema nini? Makala haya yanajaribu kuonesha kwamba bajeti ya filamu ya kejeli ndiyo ukurasa wake wa kwanza, na kwamba mhakiki asiyeusoma ukurasa huo anaianza hadithi katikati.

Nianze na kejeli yenyewe, maana neno hili linatumiwa ovyo. Vichekesho vinaweza kumcheka mtu yeyote: mlevi, mshamba aliyeingia mjini jana, mke mwenye wivu. Kejeli ina anwani. Inamcheka mtu mwenye nguvu juu ya wengine, na inamcheka kwa namna ambayo mwenyewe akiiona anajijua. Said Ahmed Mohamed alipoandika Kivuli Kinaishi (1990) akamkalisha Bi Kirembwe kwenye enzi ya Giningi, sidhani kama kuna msomaji wa Afrika Mashariki aliyedhani Giningi ni nchi ya mbali. Basi kwa kuwa kejeli ina anwani, swali la nani kaigharimia haliwezi kuachiwa mhasibu peke yake. Huyo aliyetoa fedha naye anakaa mahali. Je, barua imemfikia, au imeiruka nyumba yake?

Kwa mwandishi wa tamthilia tatizo hili si kubwa sana. Kalamu na daftari havihitaji mfadhili. Kaptula la Marx ya Kezilahabi iliandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na ikachapishwa mwaka 1999. Ni karibu miaka 20! Mswada ule uliweza kungoja, na ulipotoka meno yake yalikuwa bado yako kinywani. Filamu hainge ngojei namna hiyo. Kamera ya kukodi inahesabiwa kwa siku. Mwigizaji wa mwaka wa tatu atahitimu aende zake Singida. Na msidanganyike na maneno ya kwamba siku hizi kila mtu ana kamera kwenye simu. Picha kweli imekuwa rahisi. Chakula cha watu kumi na wawili kwa siku nne hakijawa rahisi, wala nauli, wala mafuta ya jenereta siku umeme ukikatika, wala mtu wa sauti mwenye kipaza chake (na sauti, jamani, ndiyo inayoziaibisha filamu za wanafunzi kuliko kitu kingine chochote). Ongezea hapo kibali. Kwa Tanzania, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 ilitaka mtengenezaji aombe ruhusa kabla hajapiga picha, na aeleze kinachokusudiwa kuoneshwa. Kwa hiyo mwenye filamu ya kejeli anabisha hodi milango miwili, wa mwenye fedha na wa mwenye muhuri, na yote miwili anatakiwa aibishe kabla hajamchekesha mtu hata mmoja.

Mfano wa kwanza ninaotaka tuusome unatoka Marekani. Mwaka 1980, Spike Lee akiwa mwanafunzi wa filamu Chuo Kikuu cha New York, alitengeneza filamu fupi iitwayo The Answer. Hadithi yake inamhusu kijana mweusi mwandishi wa miswada, hana kazi, njaa inampiga, anaitwa na wakubwa wa Hollywood wanampa kazi nono: aiandike upya The Birth of a Nation. Wale ambao hawaijui, hiyo ni filamu ya D. W. Griffith ya mwaka 1915 iliyowatukuza Ku Klux Klan na kuwachora watu weusi kama hayawani, na wakati huohuo ilikuwa inafundishwa vyuoni kama kilele cha ufundi wa sinema. Kijana wa Lee anaikubali ile kazi. Hapo ndipo kejeli ilipo. Lee angeweza kumcheka Griffith tu, aliyekuwa kaburini tangu 1948 na asiyeweza kumfelisha mtu. Badala yake akamgeukia mtoaji wa fedha na mpokeaji wake kwa pamoja. Filamu ile inauliza swali hilihili la makala haya: mtu aliyeonewa akilipwa vizuri na wanaomwonea, ataandika nini?

Sasa nani alimlipa Lee? Bibi yake. Zimmie Shelton, mwalimu wa sanaa aliyekuwa akidunduliza malipo yake ya uzeeni kwa ajili ya elimu ya wajukuu, ndiye aliyemsomesha chuo cha Morehouse kisha New York, na akaendelea kumsaidia katika filamu zake za mwanzo. Wapo walimu ambao The Answer haikuwapendeza, kwani iligusa kitabu chao kitakatifu. Lakini walimu hawakuwa wenye fedha. Nadhani hili ni jambo la kutazamwa kihakiki na si la kupitwa kama habari ya udaku. Fedha ya bibi haina hariri. Bibi hadai aone mswada, hadai jina lake liwe kubwa kuliko la mwongozaji, wala haulizi filamu itawafikia walengwa wangapi. Anadai mjukuu amalize shule. Ndiyo maana filamu ile inaweza kuwacheka wakubwa wa sinema, mafundisho ya chuo na kijana mweusi mwenye tamaa, wote kwa mpigo, bila kuacha nyumba.

Miaka iliyofuata inafundisha zaidi. Alipotaka kutengeneza She's Gotta Have It, filamu yake ndefu ya mwanzo iliyotoka mwaka 1986, American Film Institute iliyokuwa imempa ruzuku ya dola 20,000 kwa mradi mwingine iliirudisha fedha yake mfukoni ilipoona mradi umebadilika. Lee akaandika barua. Akamwandikia kila mtu anayemjua, akiomba hata kidogo, na kwenye kambi ya kupigia picha walikuwa wakitunza makopo matupu ya vinywaji ili wakayarudishe dukani walipwe senti zake. Filamu ikagharimu dola 175,000 na ikaingiza zaidi ya dola milioni 7. Mwaka 2013, akiwa tayari mzito, alirudi kuomba umma kupitia Kickstarter akapata zaidi ya dola milioni 1.4. Watu wakamjia juu, eti tajiri anaomba. Alijitetea kwamba kuomba watu wa kawaida alikuwa akikufanya tangu zamani. Utetezi huo una ukweli, ila mimi naona haujibu kila kitu, maana barua ya mwaka 1985 ilitoka kwa mtu asiye na kitu ikaenda kwa watu wanaomfahamu kwa sura. Ni mambo mawili.

Baina ya vipindi hivyo viwili kuna School Daze (1988), na hii ndiyo ningependa kila mwanafunzi mwenye ndoto ya kejeli aijue. Safari hii fedha zilitoka Columbia Pictures, kampuni kubwa. Ungetarajia kampuni ndiyo iweke kidole. Kidole kikatoka nyumbani. Filamu inawacheka wanafunzi weusi wa chuo cha weusi: weupe wa ngozi wakiwadharau weusi zaidi, wenye nywele laini wakiwanyanyapaa wenye kipilipili, vyama vya siri vikiwatesa wanachama wapya kwa jina la udugu. Lee alipiga picha Morehouse, chuo alichosoma yeye, baba yake na babu yake. Uongozi wa chuo ukaona heshima inachafuka, na katikati ya kazi ukamwambia atoke. Akaenda kumalizia pengine. Msomaji aone hapo: mtu anaweza kupata mshiko bila masharti na bado akafungiwa lango, kwa sababu lango nalo ni fedha. Ukumbi wa bure ni mchango. Kibali cha mkuu wa chuo ni mchango. Hivyo navyo vina anwani.

Tuje Afrika, au tuseme kwa Mwafrika aliyekuwa Paris. Med Hondo wa Mauritania alifika Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1950, akafanya kazi za jikoni, za bandarini na za shambani kabla hajaingia kwenye tamthilia. Soleil Ô, iliyooneshwa Cannes mwaka 1970 na mwaka huohuo ikatunukiwa Locarno, aliitengeneza kwa takriban dola 30,000, nyingi zikiwa ni jasho: waigizaji hawakulipwa, na picha zilipigwa kwa vipande kadiri senti zilivyopatikana. Mhusika wake ni Mwafrika msomi, mhasibu, anayezunguka Paris akitafuta kazi na kufungiwa milango kwa lugha ya adabu. Kuna tukio ambapo mwanamume mweusi anatembea barabarani na mwanamke mzungu. Wapita njia wanawakodolea macho, na juu ya nyuso zao Hondo ameweka milio ya wanyama wa zizini. Tukio hilo halikuhitaji jumba wala mavazi. Lilihitaji barabara, kamera na ujeuri. Wanaosema bila mamilioni huwezi kukejeli ubaguzi walitazame hilo.

Na kwa kuwa hakuna bwana aliyemlipa, Hondo hakumwacha mtu. Mkoloni anachekwa, mwajiri anachekwa, na vigogo wa Kiafrika waliorithi viti navyo wanachekwa. Lakini uhuru huo aliununua wapi? Alikuwa akiwaingizia sauti ya Kifaransa waigizaji wa filamu za Marekani. Kwa miaka mingi ndiye alikuwa Eddie Murphy wa Wafaransa, na katika katuni ya The Lion King ya mwaka 1994 ndiye aliyekuwa sauti ya yule nyani Rafiki. (Mwanafunzi wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu hapo.) Yaani fedha ya Hollywood, ile ambayo kijana wa Spike Lee aliogopewa ataiuzia roho, Hondo aliichukua kama mshahara wa kibarua, akatoka nayo mlangoni, akaenda kutengeneza filamu ambazo Hollywood isingezigusa kwa kijiti. Tofauti ni nini? Mshahara ukishalipwa hauna kumbukumbu. Ruzuku ina kumbukumbu, ina fomu, ina ripoti ya robo mwaka.

Mfano wa dola kuwa mfadhili ni Xala ya Sembène Ousmane (1975). Hapa inabidi tukae kidogo. Filamu inafunguka kwa wafanyabiashara wa Kisenegali kuwatimua Wafaransa kwenye Chemba ya Biashara, ngoma zinalia, uhuru umekuja. Muda si mrefu Wafaransa wanarudi kimyakimya na mikoba. Kila mheshimiwa anafungua wake: noti tupu. Shujaa wetu El Hadji Abdoukader Beye anaoa mke wa tatu, usiku wa harusi nguvu za kiume zinamkimbia, na kuanzia hapo tunamfuata akihangaika kwa waganga huku Mercedes yake ikinyweshwa maji ya chupa kutoka Ufaransa. Kejeli gani tena unataka? Ufanisi wa Sembène ni kwamba ugonjwa wa mwili na ugonjwa wa uchumi ameufanya mmoja: tabaka la vibaraka haliwezi kuzaa.

Sasa, katika filamu hiyo kampuni ya filamu ya serikali ya Senegal iliweka fedha. Serikali iligharimia mkoba unaoicheka serikali. Wapo wanaolitoa hili kama ushahidi kwamba mfadhili mkubwa anaweza kuwa mstahimilivu. Tusubiri kwanza. Filamu ilipofika kwenye bodi ya ukaguzi ilikatwa sehemu zipatazo kumi. Fedha iliingia kwa mlango wa utamaduni ikarudi kudai riba kwa mlango wa ukaguzi. Sembène hakukaa kulia. Alichapisha karatasi akazigawa kwa watazamaji, zinaeleza ni matukio gani yamekatwa. Mtu anaingia sinema na karatasi mkononi, na filamu inapofika penye pengo anajua hapa pana kitu kimeng'olewa. Mimi naichukulia ile karatasi kuwa ni sehemu ya kazi ya sanaa. Kwa gharama ya wino na karatasi aliyageuza makovu ya mkasi kuwa kejeli nyingine, na safari hii anayechekwa ni mwenye mkasi.

Kutokana na mifano hii naona tunaweza kuongeza swali moja kwenye yale tuliyoyazoea darasani. Pamoja na kuuliza mwandishi anamcheka nani, tuulize nani hachekwi. Kila filamu ya kejeli ina kiti kimoja kitupu, na mara nyingi aliyestahili kukikalia amesimama nyuma ya kamera ameshika pochi.

Jaribuni swali hilo kwenye filamu na michezo ya semina ambayo kuanzia miaka ya 1980 imetapakaa kanda hii, ya uzazi wa majira, ukimwi, malaria, haki za wajane. Sisemi zote ni mbovu. Neria ya Zimbabwe (1993), iliyoongozwa na Godwin Mawuru kutokana na hadithi ya Tsitsi Dangarembga, ina hasira ya kweli: shemeji anamkwangua mjane kila kitu, na mtazamaji anatamani kumrukia. Lakini zipange kazi hizo kumi kwa safu kisha utafute asiyechekwa. Baba wa kijijini anachekwa. Mganga anachekwa. Shangazi anachekwa. Afisa aliyekuja na gari jeupe la mradi haonekani, au akionekana ni mtu wa busara anayezungumza polepole. Kwani wao hawana vituko? Nenda kwenye semina yao yoyote uone vituko. Ila hiyo nyumba barua imeiruka. Kinyume chake, Said Ahmed Mohamed katika Amezidi (1995) aliwachukua Ame na Zidi, watu wawili walioigeuza kuomba kuwa maisha, akawachekesha mpaka kicheko kikawa kichungu, na msaidizi na msaidiwa wote wakapata sehemu yao. Tamthilia iliweza hivyo kwa sababu gharama yake haikuhitaji ripoti. Ukitaka kuigeuza Amezidi kuwa filamu kwa ruzuku, utakuwa umeshaingia kwenye tamthilia yenyewe, sijui wewe ndiye Ame au ndiye Zidi.

Kwa hiyo tuombe kwa nani? Wenzetu wengi wana jibu mdomoni: michango. Na kweli, kama kuna fani sisi watu wa huku tunaiongoza duniani ni hiyo. Kadi ya mchango wa harusi inamfikia hata mtu asiyemjua bwana harusi. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, kisingizio cha “sikuwa na chenji” nacho kimekufa. Historia pia ina mfano mzito. Wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, walijenga jukwaa lao kwa mikono yao, na mwaka 1977 wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, mchezo unaowavua nguo wenye mashamba na washirika wao. Leseni ikafutwa Novemba mwaka huohuo, Ngũgĩ akakamatwa Desemba 31, na mwaka 1982 jukwaa likabomolewa. Hakuna mfadhili aliyeweza kuwatisha kwa kuondoa fedha, kwa hiyo aliyetaka kuwanyamazisha alilazimika kuja na polisi na matingatinga. Hiyo nayo ni sifa.

Lakini michango tusiifanye malaika. Kamati ya harusi ina udikteta wake. Aliyetoa laki anataka meza ya mbele, na aliyetoa laki mbili anataka kuchagua MC. Umati ukigharimia filamu, umati nao hautaki kuchekwa. School Daze imetuonesha kwamba jamaa wa nyumbani ndio wanaouma zaidi wanapoguswa. Mwanafunzi akiwachangisha wanafunzi wenzake ili atengeneze kejeli juu ya dhuluma, nakuhakikishia mswada utawacheka mawaziri, utawacheka mabeberu, utamcheka labda mhadhiri wa kubuni mwenye tumbo kubwa. Watakaosalimika ni wanafunzi. Na huko ndiko dhuluma ninayoijua kwa macho ilikojificha. Mama anayefua nguo za vijana wanne kwa bei iliyopangwa kabla sabuni haijapanda, na bado anaambiwa “njoo bumu likitoka”. Daftari la madeni la mama ntilie nyuma ya bweni, ambalo kila Julai linabaki na majina ya watu waliokwishahitimu. Mlinzi wa getini anayeitwa “we mzee” na mtoto wa umri wa mjukuu wake. Msichana wa mwaka wa kwanza ambaye matokeo yake yamekwama ofisini kwa mtu na kila anayesoma idara ile anajua kwa nini, nasi tunalizungumza kama mzaha wa korido. Tabaka hilo la wanyonyaji wadogo halijaandikiwa filamu, kwa kuwa ndilo linaloshika kamera.

Hapa ndipo barua ya kuomba fedha inapokuwa kazi ya fasihi inayostahili kuhakikiwa kwa haki yake. Tuseme barua moja inaanza hivi: “Sisi ni kundi la vijana wenye vipaji tunaotarajia kuandaa filamu fupi inayohusu dhuluma katika jamii kwa ujumla. Tunaomba mchango wako wa hali na mali.” Kinachoniudhi humo ni “kwa ujumla”. Dhuluma kwa ujumla haina mdhalimu, na kejeli isiyo na mdhalimu ni vichekesho. Mwandishi ameshakata filamu yake kabla bodi haijaiona. Amefanya hivyo kwa sababu hajui nani atasoma barua, kwa hiyo ameogopa kumkosea yeyote. Atapata fedha, pengine nyingi. Filamu hatapata.

Tuseme nyingine inaanza hivi: “Filamu hii ya dakika 12 inamcheka kiongozi wa mgomo wa bumu ambaye asubuhi anadai haki kwa kipaza sauti na jioni anamkimbia mama anayemfulia. Huenda mtu huyo ni wewe. Tunaomba shilingi 2,000 yako kwa chakula na nauli. Mswada hatukuoneshi.” Kifani barua hii ni fupi mno na haina adabu ya kutosha. Ila ina anwani, ina bei, na ina sharti ambalo mwombaji ndiye amemwekea mtoaji, jambo ambalo kwenye fasihi ya maombi ni nadra kama mvua ya Agosti Dodoma. Anayetoa 2,000 baada ya kusoma hayo amekubali kuchekwa. Halafu kiwango chenyewe kina kazi: mtu wa shilingi 2,000 hana nguvu ya kudai kuchagua MC. Watoaji 300 wa namna hiyo ni shilingi 600,000, na kwa hizo watu kumi na wawili watakula wali maharage siku nne, watapanda daladala, na mtu wa sauti atapata chochote. Hazitoshi taa. Basi pigeni mchana.

Kuna watakaouliza kama inawezekana kuanza na kidogo hivyo ukafika popote. Vijana watatu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta walioanzisha Redykyulass mwishoni mwa miaka ya 1990 mtaji wao mkubwa ulikuwa kuiga sauti na mwendo wa Rais Moi, jambo ambalo Wakenya walizoea kulifanya ndani ya nyumba huku mlango umefungwa. Walifika kwenye televisheni wakiwa tayari wanajulikana kwa kicheko chao, kwa hiyo televisheni iliwanunua walivyo. Ukitangulia kupata sauti yako ndipo fedha ikufuate, ni vigumu kidogo kwa fedha kukuchagulia sauti. Kidogo tu, nakiri, kwa sababu wadhamini wa vipindi nao wana anwani.

Zimebaki hesabu mbili za kuingiza kwenye karatasi ya bajeti, ambazo kwa kawaida hukosekana. Ya kwanza ni malipo ya mama ntilie atakayewalisha wapiga picha. Alipwe taslimu, siku ileile, na kabla ya mwenye kamera. Msiniambie atalipwa filamu ikiuza, filamu za dakika 12 haziuzi. Ya pili ni ya wale watakaokatwa. Kama uongozi utasema tukio la ofisini liondolewe ndipo ukumbi upatikane, liondoeni, muoneshe filamu, na getini kila mtazamaji apewe karatasi kama ya Sembène. Rimu moja inatosha ukumbi mzima.